Ukisusa, Wenzio Wala

Kuna msemo ambao wengi wetu tuliusikia kwa mara ya kwanza jikoni, siku tuliyogoma kula kwa sababu tumenyimwa kitu fulani au tumegombezwa mbele ya wageni. Mama hakubembeleza. Alisogeza sahani upande wa pili wa mkeka na kusema: ukisusa, wenzio wala. Msemo huo una busara yake. Unamfundisha mtoto kwamba hasira yake haiwezi kusimamisha mlo wa nyumba nzima. Hata hivyo, tulipokua tuliendelea kuutumia katika mambo makubwa kuliko sahani ya wali, na hapo ndipo ulipoanza kutudanganya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi ya tamasha la sanaa ya majaribio katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo. Chuo hicho sitakitaja, wala sitawataja waliohusika, kwa kuwa makala hii haikuandikwa kumshitaki mtu. Kama kuna mshitakiwa humu, ni mimi mwenyewe.

Wanafunzi wanne walileta kazi iliyonivutia kuliko zote. Walipewa chumba kimoja kidogo. Ndani yake waliweka meza na kiti, na ukutani wakatundika sanduku la maoni la mbao, kama yale tunayoyaona katika ofisi za umma. Sanduku hilo halikuwa na kitako. Kila karatasi iliyotumbukizwa ilipita moja kwa moja na kuanguka sakafuni. Kwa wiki mbili waliwaomba wenzao waandike maoni na kuyatumbukiza, na sakafu ikajaa. Waliandika kuhusu fedha za mkopo zinazochelewa, kuhusu maji katika mabweni, kuhusu mhadhiri asiyeingia darasani na, katika karatasi chache, kuhusu rushwa ya ngono.

Siku tatu kabla ya ufunguzi, ofisi moja ilielekeza kwamba karatasi hizo zipitiwe kwanza. Tulikutana. Kamati iliazimia kwamba karatasi zenye “lugha ya moja kwa moja” ziondolewe. Mchango wangu katika kikao hicho, ambao umo katika muhtasari hadi leo, ulikuwa mmoja tu: nilipendekeza kwamba neno “kuondoa” libadilishwe kuwa “kuhariri.” Wajumbe walinishukuru kwa busara yangu.

Kesho yake wawili kati ya wanafunzi wale walikuja ofisini kwangu. Waliniamkia, wakaketi, wakakaa kimya kidogo. Kisha mmoja akauliza: “Mwalimu, ungekuwa sisi, ungefanyaje?” Nilimjibu: “Malizeni shahada kwanza. Sanaa itawasubiri.” Wakashukuru, wakaondoka. Jioni ile walijitoa katika tamasha, na kabla ya saa mbili usiku washiriki wengine kumi na mmoja walikuwa wamejitoa pamoja nao.

Tamasha lilifunguliwa kama ilivyopangwa. Mgeni rasmi alisifu ubunifu wa vijana, sharubati na sambusa zikapitishwa. Mwenyekiti wetu, mtu mzima ninayemheshimu hadi leo, aliinama karibu na sikio langu akasema: “Daktari, usijisumbue. Ukisusa, wenzio wala.” Nikacheka, nikachukua sambusa.

Swali lililonisumbua tangu siku hiyo ni hili: je, msemo ule ni kweli? Wasanii wanapokataa kushiriki tamasha kwa sababu ya udhibiti, wanafanya tendo la kisiasa lenye maana, au wanajinyima wenyewe huku wenzao wakiendelea kula? Nilitafuta jibu katika historia, na historia iliyonifundisha zaidi ni ya Amerika ya Kusini, kati ya mwaka 1968 na 1971. Naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, maana siwezi kufikia hoja yangu bila kuisimulia.

Mwezi Juni 1966, Jenerali Juan Carlos Onganía alitwaa madaraka nchini Ajentina kwa mapinduzi ya kijeshi. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 29 Julai, polisi walivamia vitivo vya Chuo Kikuu cha Buenos Aires na kuwapiga wahadhiri na wanafunzi kwa virungu. Wahadhiri wengi walijiuzulu, na wengi wakaihama nchi. Hata hivyo, katika mtaa wa Florida katikati ya jiji hilo hilo, Taasisi ya Torcuato Di Tella iliendelea kuonyesha sanaa ya majaribio iliyokuwa ikizungumzwa hadi Paris na New York. Taasisi hiyo ilitokana na utajiri wa familia ya wenye viwanda na ilipata pia misaada ya mifuko mikubwa ya Marekani. Kituo chake cha sanaa za kuona kiliongozwa na mhakiki Jorge Romero Brest. Chuo kilikuwa kimepigwa virungu, lakini wasanii bado walikuwa na ukumbi.

Mwezi Mei 1968 taasisi hiyo ilifungua maonyesho yaliyoitwa Experiencias 68. Msanii Oscar Bony alimketisha jukwaani fundi wa kiwandani pamoja na mke na mtoto wake, akaweka maelezo kwamba fundi huyo analipwa mara mbili ya ujira wa kazi yake ya kawaida kwa kuketi tu pale. Roberto Jacoby aliweka mashine ya kupokea habari za shirika la Ufaransa, zikiingia moja kwa moja wakati Paris ikiwaka kwa maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi. Pablo Suárez hakuleta kazi yoyote. Alimwandikia barua Romero Brest kueleza kwa nini hawezi tena kuonyesha ndani ya taasisi ile, na barua hiyo ikagawiwa kwa watu mlangoni.

Naye Roberto Plate alijenga kitu kinachofanana na choo cha umma: milango, vyumba vidogo na kuta nyeupe, bila vyombo vya ndani. Watu wakaingia, wakafunga mlango, wakafanya kile ambacho watu hufanya katika kuta za vyoo vya umma. Wakaandika. Wengine waliandika matusi ya kawaida, wengine waliandika dhidi ya Jenerali Onganía. Polisi wakaifunga kazi hiyo.

Ebu tutafakari uamuzi huo. Maonyesho hayakufungwa. Ilifungwa kazi moja tu, na nyingine zote ziliachwa zionekane. Kwa hesabu za kawaida, wasanii waliobaki walikuwa wameponea chupuchupu, na kila mmoja angeweza kusema kwamba choo si chake. Badala yake walibeba kazi zao, wakazitoa nje na kuziharibu katikati ya mtaa wa Florida, mbele ya wapita njia na polisi. Walifahamu kwamba kazi zilizobaki ukumbini, kando ya mlango uliofungwa na polisi, zingetumika kuonyesha kwamba uhuru bado upo.

Miezi miwili baadaye lilikuja jaribio la pili, lililofanyika kwa upole zaidi. Kulikuwa na tuzo ya sanaa iliyoitwa Braque, iliyodhaminiwa na ubalozi wa Ufaransa. Kanuni za mwaka huo zilikuwa na sharti jipya: msanii aeleze mapema kama kazi yake ina picha au maandishi, na waandaaji wawe na haki ya kufanya mabadiliko watakayoona yanafaa. Polisi hawakutajwa popote, wala neno “marufuku” halikuandikwa. Ilikuwa fomu tu, na sharti moja katika fomu. Wasanii kadhaa wa Buenos Aires na wa mji wa Rosario walikataa kushiriki na wakatangaza hadharani sababu zao. Siku ya kutolewa kwa tuzo walifanya fujo ya maandamano ukumbini, na baadhi yao wakakamatwa.

Niliposoma kwa mara ya kwanza habari za sharti lile, nilikumbuka neno langu “kuhariri.”

Nchini Brazili mambo yalikuwa makubwa zaidi. Serikali ya kijeshi iliyoingia mwaka 1964 ilitoa tarehe 13 Desemba 1968 amri iliyojulikana kama Sheria ya Kitaasisi Namba 5. Amri hiyo ilimpa rais uwezo wa kulifunga bunge, kuwavua watu haki zao za kisiasa na kuwanyima washitakiwa wa kisiasa haki ya kufikishwa mahakamani upesi. Mwezi huo huo maonyesho makubwa ya sanaa mjini Salvador, jimbo la Bahia, yalifungwa kwa muda na kazi kadhaa zikachukuliwa. Mwezi Mei 1969, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la Rio de Janeiro, jeshi lilizuia maonyesho ya kazi zilizochaguliwa kwenda kuiwakilisha Brazili mjini Paris. Mlango ulifungwa kabla umma haujaingia. Miongoni mwa kazi zilizochaguliwa ilikuwa picha ya Evandro Teixeira inayomwonyesha askari wa jeshi la anga akianguka kutoka kwenye pikipiki. Askari aliyeanguka hakuwa siri ya taifa. Kilichoogopwa ni kwamba watu wangecheka.

Wakati huo São Paulo ilikuwa ikijiandaa kwa Bienale yake ya kumi, maonyesho ya kimataifa yaliyoanzishwa mwaka 1951 na kufanyika kila baada ya miaka miwili. Hii haikuwa sherehe ndogo. Nchi nyingi zilileta wasanii wao, na kwa utawala wa kijeshi ilikuwa nafasi adhimu ya kuuonyesha ulimwengu kwamba Brazili ni nchi tulivu na ya kisasa. Ndipo mgomo ulipoanza. Chama cha wahakiki wa sanaa cha Brazili, kikiongozwa na mzee Mário Pedrosa, kilipinga udhibiti huo. Tarehe 16 Juni 1969 wasanii na wahakiki walikutana mjini Paris na kutoa waraka wa kuikataa Bienale, wenye ushahidi wa vitendo vya udhibiti na saini 321. Mhakiki Pierre Restany, aliyekuwa amepewa jukumu la kuandaa sehemu maalumu ya sanaa na teknolojia, alijitoa. Hélio Oiticica na Lygia Clark, wawili kati ya wasanii wakubwa kuliko wote wa Brazili katika karne ile, walikataa. Ufaransa, Uholanzi na Uswidi ni miongoni mwa nchi ambazo ushiriki wao ulivurugika.

Marekani ilikuwa imemkabidhi György Kepes, msanii na profesa mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha MIT, kazi ya kuandaa maonyesho ya majaribio ya sanaa na teknolojia. Hans Haacke alimwandikia barua ya kukataa. Hoja yake ilikuwa pana kuliko Brazili peke yake: maonyesho yanayopelekwa kwa jina la serikali huisafishia sura serikali hiyo, na serikali hiyo ilikuwa ikipigana Vietnam na kuziunga mkono tawala za kikandamizaji. Robert Smithson naye alikataa. Kadiri wasanii walivyozidi kujitoa, maonyesho yote ya Marekani yalifutwa. Mtu anaweza kumhurumia Kepes, ambaye aliamini kwa dhati kwamba kazi ya sanaa inaweza kuwakutanisha watu pale ambapo serikali zimeshindwa. Mimi namhurumia, kwa kuwa nimewahi kuketi katika kiti kinachofanana na chake, ingawa changu kilikuwa kidogo sana.

Je, mgomo ule ulifanikiwa? Hapa yatupasa kuwa wakweli, hasa sisi tunaopenda kusimulia ushujaa wa watu wa mbali. Bienale ilifunguliwa mwaka 1969. Wapo wasanii walioshiriki, wa ndani na wa nje. Utawala wa kijeshi ulidumu hadi mwaka 1985. Aidha, gharama hazikugawanywa sawa: msanii aliyekataa akiwa New York alikosa safari, ilhali Pedrosa, akiwa na umri wa miaka sabini, alilazimika kukimbilia uhamishoni nchini Chile. Na umma wa São Paulo, ambao haukuwa umemkosea mtu, ulinyimwa nafasi ya kuona kazi ambazo huenda zingewafumbua macho vijana wengi. Mwenye kutetea ushiriki ana hoja, tena si dhaifu: afadhali kuingia ndani na kusema nusu ya neno kuliko kubaki nje ukiwa na neno zima lisilosikika.

Nimeipima hoja hiyo kwa muda mrefu. Nadhani ina kasoro mbili.

Kwanza, inadhani kwamba tamasha na udhibiti ni vitu viwili tofauti, kana kwamba tamasha ni chakula na udhibiti ni nzi aliyetua juu yake. Kumbe katika mazingira niliyoyaeleza, tamasha lilikuwa sehemu ya utawala. Serikali iliyofunga maonyesho ya Rio mwezi Mei ilihitaji maonyesho ya São Paulo mwezi Septemba, ili atakayeuliza kuhusu la kwanza aonyeshwe la pili. Na hapa sanaa ya majaribio ina udhaifu wa pekee. Kwa kuwa haisemi kwa lugha ya kila mtu, ni rahisi kwa mtawala kuivaa kama nguo mpya. Mbele ya wageni inaonekana ya kisasa na ya kuthubutu, na mara nyingi haimuumizi mtu yeyote. Mara chache inapomuumiza, kama lilivyofanya lile jengo la choo kwa kuwaachia watu ukuta wa kuandikia, ndipo hufungwa. Kwa hiyo msanii anayebaki hali chakula kile kile alichokisusa mwenzake. Ameshiriki kuwathibitishia wageni kwamba hakuna aliyesusa.

Pili, hoja hiyo inadhani kwamba anayekataa amenyamaza. Tazama walichofanya waliokataa. Wasanii wa Rosario na Buenos Aires hawakurudi nyumbani kulala. Walikwenda katika jimbo la Tucumán, ambako viwanda vya sukari vilikuwa vimefungwa kwa agizo la serikali na familia zikabaki na njaa. Wakakusanya picha, sauti na takwimu, na mwezi Novemba 1968 wakazionyesha katika jengo la shirikisho la vyama vya wafanyakazi mjini Rosario, kwa jina la Tucumán Inaungua. Maonyesho hayo yalipopelekwa Buenos Aires yalifungwa upesi kwa shinikizo la serikali. Mwaka 1971, wasanii wa Amerika ya Kusini waliokuwa New York walijibu Bienale iliyofuata kwa kuchapisha kitabu walichokiita Contrabienal, maonyesho yasiyohitaji ukumbi wala kibali. Nchini Brazili kwenyewe, kuanzia mwaka 1970, Cildo Meireles aliandika ujumbe kwenye chupa za soda zilizorudishwa kiwandani kujazwa tena, na akagonga mihuri kwenye noti za benki na kuziachia zizunguke. Mwandishi wa habari Vladimir Herzog alipouawa kizuizini mwaka 1975, noti za Meireles ziliuliza ni nani aliyemuua. Hakuna mtu anayetupa noti kwa sababu imeandikwa swali. Naye mzee Pedrosa alipofika Chile aliongoza juhudi za kukusanya kazi zilizotolewa na wasanii wa dunia kwa ajili ya wananchi wa nchi hiyo katika kipindi cha Rais Allende. Sahani iliyosusiwa São Paulo ilipakuliwa Santiago.

Siwezi kuandika haya bila kuangalia nyumbani. Afrika ya Mashariki ina historia yake. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu nchini Kenya waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Kibali kikafutwa mwezi Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akawekwa kizuizini bila kushitakiwa. Alipoachiliwa mwaka uliofuata hakurudishiwa kazi yake. Mwaka 1982 ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ulibomolewa. Hatuhitaji kwenda Buenos Aires kujua kwamba jukwaa linaweza kuogopwa.

Lakini mara nyingi udhibiti wetu wa leo hauji na tingatinga. Unakuja na fomu, kibali, ada, “maelekezo kutoka juu” yasiyo na saini, na simu inayopigwa saa kumi na moja jioni. Sheria zipo: kwa upande wa Tanzania kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na ile ya Baraza la Sanaa la Taifa ya mwaka 1984, na Kenya nayo ina sura ya 222 ya sheria zake. Sheria hizo angalau zimeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kupingwa. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini Kenya, yeye akaenda mahakamani, na mwezi Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Lakini ni mahakama gani itakayosikiliza rufaa dhidi ya kikao kilichoamua “kuhariri” karatasi za sakafuni?

Hapa naomba kusema na wewe, ndugu mtumishi wa umma, kwa kuwa najua unasoma safu hii na mara nyingine unaniandikia faragha. Nafahamu kwamba maelekezo yanapokufikia, nyuma yako kuna mshahara, bima na watoto. Sikuambii uvunje meza. Nakuomba jambo dogo lililo ndani ya taratibu za utumishi: omba maelekezo kwa maandishi. Mwombaji ajibiwe kwa barua, barua iwe na jina, kifungu na sababu. Udhibiti usio na saini ni rahisi mno, na urahisi huo tunautengeneza sisi tunaoutekeleza.

Na wewe mwanafunzi, na wewe mwanaharakati, sikupi ushauri wa kususa kila kitu. Kususa kwa mtu mmoja, bila kueleza sababu, kwa hakika ni ile hasira ya mtoto jikoni, na wenzio watakula. Historia niliyoisimulia inaonyesha mambo matatu waliyoyazingatia waliofaulu kuliwekea tendo lao maana. Walikataa pamoja. Walisema hadharani na kwa maandishi kwa nini wanakataa. Na walifanya kazi nyingine mahali pengine, ili kukataa kwao kusiwe mwisho wa usanii wao. Bila hayo matatu, tafakari upya. Na ukiamua kubaki ndani, ubaki ukijua unachokifanya, na usimbeze aliyetoka.

Sasa nirudi kwa mshitakiwa. Mwaka huu nilialikwa kuwa mwenyekiti wa jopo la majaji katika tamasha jingine. Posho ilikuwa nzuri, na sitajifanya mtakatifu: ingelipa ada ya muhula mzima ya binti yangu. Katika kanuni za ushiriki, kifungu cha tisa kilisema kwamba waandaaji wana haki ya kufanya mabadiliko yoyote katika kazi itakayowasilishwa. Niliandika kuomba kifungu hicho kiondolewe. Nilijibiwa kwa adabu sana kwamba ni kifungu cha kawaida tu na hakijawahi kutumika. Nikaandika tena kuuliza kwamba, kama hakijawahi kutumika, kwa nini kisiondolewe. Sikujibiwa. Nikajitoa, na barua yangu ya kujitoa nikaibandika katika mbao za matangazo za idara, palipo na ratiba za mitihani, ambapo kila mtu hupita.

Nakala moja nilimtumia mmoja wa wanafunzi wale wanne, ambaye leo ni mtu mzima mwenye familia. Niliandika pia maneno machache kuhusu jibu nililompa siku ile ofisini. Alijibu usiku, kwa mistari miwili. Alisema amepokea. Kisha akauliza: “Na posho je, Mwalimu?”

Nilimwambia sikuichukua. Hakujibu tena, na sikutarajia ajibu. Yeye na wenzake walikataa wakiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, wakiwa hawana posho ya kukataa wala cheo cha kuwakinga, na wakiwa na mwalimu aliyewaambia wangoje. Mimi nimekataa nikiwa na ajira ya kudumu. Hizi si gharama zinazolingana, na nisingependa msomaji yeyote azilinganishe kwa niaba yangu.

Muhtasari wa kikao kile bado upo kwenye jalada, na pendekezo langu bado limo. Wiki iliyopita nilimwandikia katibu wa kamati ile nikiomba maelezo yangu ya leo yaambatanishwe nao, yakiwa na jina langu, tarehe na sababu. Neno sahihi lilikuwa “kuondoa.”